Rangi Haizuii Maji

Wasee, leo naongea na nyinyi mnaopenda zile video za "kabla na baada". Mnazijua. Sekunde 30, ngoma kali nyuma, boti kuukuu imepauka kama kisigino cha Januari. Mara mtu anapitisha kiganja mbele ya kamera, pap! Boti inang'aa mpaka unaona mawingu ndani yake. Mnamwaga kopa, mnaandika "huyu fundi ni moto", mnasonga mbele.

Mimi nikiona video kama hiyo isiyo na vumbi hata kidogo, naihesabu kuwa uongo uliopigwa spreyi mpaka nionyeshwe vingine. Na uongo wa boti si kama uongo wa simu iliyobadilishwa kioo. Simu ikizima, unakaa jioni moja bila WhatsApp. Boti ikipasuka katikati ya ziwa, maji hayaulizi una wafuasi wangapi.

Najua mtasema: wewe wa Matulo unajua nini kuhusu boti? Swali la haki. Matulo ni hapa jirani na Webuye, Kaunti ya Bungoma, kwenye miwa na mahindi. Tuna kiwanja kidogo cha ndege, bandari hatuna. Lakini tuna Mto Nzoia, na Nzoia haiishii kwetu. Inateremka inapita Mumias, inafika Budalang'i, inaingia Ziwa Victoria. Halafu tuna mafundi wa fiba. Barabara ya Malaba ina malori usiku na mchana, na malori yanavunja bampa. Anayejua kushona bampa ya fiba ana nusu ya ujuzi wa kushona boti, ndiyo maana mara mojamoja utaona boti imepandishwa lori kutoka pande za Port Victoria ikaletwa huku kwetu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikashika simu, nikaanza kurekodi mafundi. Usiniite injinia. Lakini nimekaa kwenye karakana hizo vya kutosha kujua nani anatibu na nani anapaka poda.

Sasa tuelewane kwanza tunaongea kuhusu nini. Boti ya fiba ina vitu viwili ambavyo watu huchanganya. Cha kwanza ni fiba yenyewe: nyuzi za kioo zilizofumwa au kumwagwa kama mkeka, zikaloweshwa resini, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikawa ganda gumu. Hiyo ndiyo mifupa. Cha pili ni jelkoti, ile ngozi laini ya nje yenye rangi. Jelkoti ni kama nusu milimita tu. Kazi yake ni kupendeza, kukinga jua na kupunguza kasi ya maji kuingia ndani. Nguvu haina. Ukiibandua peke yake unaivunja kwa vidole kama chapati iliyokauka.

Kwa hivyo mtu akikuambia "boti imetengenezwa, angalia inavyong'aa", amekuonyesha nusu milimita. Umeonyeshwa ngozi. Mifupa hujaulizia. Waswahili walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na wengi wetu tuliandika insha juu ya hiyo methali tukiwa sekondari, tukapata alama, tukasahau maana.

Haya, tuchambue uongo mmoja mmoja.

Uongo wa kwanza: "Hizo ni nyufa ndogondogo tu, tunapaka zinaisha."

Jelkoti ikipasuka, zipo nyufa zinazotokana na uzee na jua. Huku tuko karibu na ikweta na jua letu halina huruma. Hizo si hatari sana. Lakini kuna nyufa zinazotoka sehemu moja na kutawanyika kama utando wa buibui, au zinazojipanga sambamba karibu na kona na kwenye vifungo. Hizo ni ujumbe. Zinakuambia mahali hapo panakunjika kila boti ikigonga wimbi, na ngozi imechoka kukunjwa. Ukijaza hizo nyufa na kupaka rangi bila kuimarisha panapokunjika, umemnyamazisha shahidi. Mawimbi machache tu, zinarudi palepale. Fundi wa kweli anaingia ndani ya boti, anatafuta kwa nini panakunjika, anaongeza matabaka ya fiba kwa ndani. Kazi hiyo haionekani kwenye picha. Ndiyo maana hamna mtu anairekodi.

Uongo wa pili: "Hivyo ni vipele, boti zote huwa navyo."

Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ni sayansi na inahusu ziwa letu kabisa. Maji hupenya jelkoti polepole sana. Yakifika ndani yanakutana na masalio ya kemikali kwenye resini, yanayayeyusha, na yale majimaji mazito yanaanza kuvuta maji mengine kutoka nje. Ni osmosi ileile mliyoisoma kwenye baiolojia mkidhani haitawahi kuwasaidia. Presha inapanda, jelkoti inafura, kipele kinatokea. Kitoboe, na umajimaji utakaotoka unanuka kama siki.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji matamu ni mabaya zaidi kwa hili kuliko maji ya chumvi. Ndiyo, bahari ina ukali wake, lakini kwenye vipele vya osmosi, ziwa linashinda. Tofauti ya ukolezi kati ya maji matamu ya nje na ule mchuzi wa ndani ni kubwa zaidi, kwa hivyo mvuto ni mkubwa zaidi. Boti ya fiba inayoshinda ndani ya Ziwa Victoria mwaka mzima bila kupandishwa ikauke inajinywesha. Halafu mtu anaipandisha Alhamisi, anapiga msasa Ijumaa, anapaka rangi Jumamosi asubuhi. Ameyafungia maji ndani. Kipele kinatakiwa kufunguliwa, kuoshwa kwa maji safi, kikaushwe, na kukauka kwenyewe huchukua wiki kadhaa, si masaa. Kwetu Bungoma mvua inanyesha alasiri, basi lazima kuwe na paa. Nyumba ya udongo haisingwi kabla ukuta haujakauka. Nyanya yako anajua hivyo. Mwenye boti pia anajua.

Uongo wa tatu, mkubwa kuliko wote: "Tundu limezibwa."

Limezibwa na nini? Kwa hawa wa kabla na baada, limezibwa na pati. Ile pati ya kunyoosha magari yaliyobonyea. Pati ni nzuri kwa kazi yake: inajaza, inalainisha. Nyuzi haina. Ukijaza tundu la boti kwa pati, umetengeneza kizibo kinachongoja kugongwa na jiwe kiruke ndani kama kifuniko cha soda. Nyingine pia hunywa maji, na hiyo ni shida juu ya shida.

Hesabu ya kweli iko hivi. Tuseme ganda la boti lina unene wa milimita 6, na tundu lina upana wa sentimita 10. Fundi hazibi lile tundu. Kwanza analikuza. Anashika grainda na kulikata mpaka afike kwenye fiba nzima, kisha anapunguza kingo kwa mteremko mrefu, kiasi cha 12 kwa 1. Yaani kila milimita moja ya unene inapewa milimita 12 za mteremko. Milimita 6 mara 12 ni milimita 72 kila upande. Kwa hivyo tundu lako la sentimita 10 sasa ni kidonda cha karibu sentimita 25. Mwenye boti akiona hivyo anashika kichwa. "Fundi, umeniharibia!" La. Mteremko ule ndio unaofanya fiba mpya na ya zamani zishikane kwa eneo kubwa. Bila huo, umeweka kiraka kwenye ukingo mwembamba kama unene wa biskuti.

Baada ya hapo anafuta vumbi, anasafisha kwa asetoni, anaweka mkeka baada ya mkeka. Mkeka wa gramu 450 kwa mita mraba ukishaloweshwa resini hutoa kama milimita moja. Kwa hivyo milimita 6 ni kama mikeka 6, kila mmoja ukibanwa kwa rola mpaka hewa itoke. Na haiwekwi yote kwa mpigo, maana resini ikikauka hutoa joto, na ikiwa nene sana inajichoma yenyewe na kupasuka. Ikishakuwa ngumu ndipo anasugua, ndipo jelkoti. Jelkoti ni mwisho kabisa, kama chumvi juu ya mahindi ya kuchoma. Huwezi kula chumvi ukasema umeshiba mahindi.

Uongo wa nne: "Nyuma iko sawa."

Nyuma ya boti ndipo injini inaninginia. Kwenye boti nyingi za zamani, ule ukuta wa nyuma una mbao za plaiwudi katikati, zimefunikwa fiba pande zote. Maji yakiingia kupitia tundu la boliti lililokauka gundi, mbao zinaoza ndani kwa ndani huku nje kunang'aa. Ni kama ukuta wa nyumba ambao mchwa umekula fito: unaweza kuusinga kila Desemba, siku moja mbuzi anauegemea tu na umeenda. Chukua nyundo ndogo, gongagonga. Penye uzima panalia kwa sauti kali, ko, ko. Palipooza panajibu kwa sauti nzito ya kufifia, kama unagonga boga. Kagua boliti za injini: zikitoa maji ya kahawia, hiyo ni mbao inaoza. Hapo hakuna rangi ya kukusaidia. Inafunguliwa, mbao mbovu inatolewa, mpya inawekwa, inafungwa kwa fiba upya. Usipofanya hivyo, siku moja dereva ataongeza mafuta na injini itaenda na ukuta.

Nimeona hili kwa macho. Karakana moja huku kwetu ililetewa boti ya aina hiyo. Fundi aligonga nyuma, akasikiliza, akakunja uso.

"Mzee, hapa ndani kumeoza."

"Fundi, mnunuzi anakuja Jumamosi. Nipigie pati na rangi, basi."

"Na akiingia nayo majini?"

"Kwani yeye atatoboa aangalie?"

Fundi alikataa. Boti ikarudishwa juu ya lori, ikaenda kutafuta mwingine wa kusema ndiyo. Fundi akarudi kwa bampa zake, na siku hiyo hakuingiza kitu. Sasa niambieni: kati ya hao wawili, nani angepata video ya kopa elfu kumi? Siyo aliyekataa. Kukataa hakuna "baada".

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sisi watu wa simu ndio tumeweka bei ya kung'aa juu na bei ya ukweli chini. Fundi anayekata tundu mpaka lifike mahali pazima anafanya kazi siku nne na boti bado inaonekana imegongwa na treni. Anayepaka pati anamaliza mchana mmoja. Tukimsifu wa pili, tunamfundisha kijana anayejifunza kazi kwamba grainda ni ya wajinga. Mwaka ujao huyo kijana ndiye atatengeneza boti utakayopanda wewe na mpenzi wako pale Dunga, Kisumu, mkipiga picha za machweo.

Kuna hoja moja naiheshimu: pesa. Mvuvi hana. Resini ni ghali, mkeka ni ghali, na kila siku boti iko nchi kavu ni siku bila samaki. Anayesema hivyo hadanganyi. Lakini angalieni pesa kidogo ile iliyopo inaenda wapi. Inaenda kwenye pati, rangi, spreyi, polishi. Inaenda kwenye kung'aa! Mimi nasema geuza. Kata kung'aa, usikate kiraka. Weka mikeka sita, ifunike kwa jelkoti ya brashi yenye rangi isiyofanana, iache na makovu yake. Boti yenye kiraka kibaya kinachoonekana ni boti inayosema ukweli. Abiria anakiona, mnunuzi anakiona, fundi wa kesho anajua aanzie wapi. Kovu siyo aibu. Kidonda kilichopakwa poda ndicho cha aibu.

Wengine watasema, basi tupa hiyo takataka, nunua mpya. Rahisi kusema. Fiba haifi. Mnakumbuka Flipflopi, ile dau iliyojengwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, ikazinduliwa 2018, ikasafiri hadi Zanzibar 2019, halafu 2021 ikaja Ziwa Victoria? Ile iliwezekana kwa sababu plastiki ya aina hiyo ukiipasha moto inayeyuka, unaiumba upya. Resini ya boti ikishakauka haiyeyuki tena. Ukiichoma unapata moshi mbaya na kioo. Ukiitupa ufukweni wajukuu wako wataikuta. Kwa hivyo kuitengeneza boti kuukuu vizuri ni jambo la maana sana, na mimi niko upande wa boti kuukuu asilimia mia. Nachopinga ni kuipaka vipodozi na kuiita matibabu.

Na usidhani serikali itakuonea kila kitu. Kenya ina Mamlaka ya Bahari, KMA, iliyoanzishwa 2004, na usalama wa vyombo vya majini ni kazi yake. Sawa. Lakini mkaguzi naye ana macho mawili kama wewe, na rangi mpya imetengenezwa kudanganya macho. Anayejua kilicho chini ya rangi ni watu wawili tu: aliyelipa na aliyepaka. Dhamira ya hao wawili ndiyo boya lako la kwanza.

Kitu kingine ambacho video hazionyeshi ni mwili wa fundi. Vumbi la fiba ni kioo kilichosagwa. Linawasha ngozi, linaingia mapafuni. Resini ikiwa mbichi ina mvuke unaoumiza kichwa. Hadina, ile inayowekwa asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini, tone moja likiruka jichoni linaweza kukupofusha. Na hadina ikimwagwa moja kwa moja kwenye kobalti, ile dawa ya kuharakisha, inaweza kuwaka au kulipuka. Lazima moja ichanganywe kwanza ndani ya resini yote, ndipo nyingine ifuate. Halafu unakuta kijana wa miaka 17 anasaga boti nzima akiwa amefunga fulana usoni, na mwenye boti anabishania bei ya barakoa. Ukimlipa fundi, lipa na pumzi zake.

Sasa nyinyi mnaorekodi kama mimi: onyesheni vumbi. Onyesheni kidonda kikiwa kimefunguliwa, mikeka ikihesabiwa, nyundo ikigonga nyuma kabla na baada, ili tusikie sauti ikibadilika. Hiyo ndiyo "kabla na baada" ya maana. Mwenye boti akikuambia "usirekodi hapo", basi hapo ndipo pa kuuliza.

Na wewe unayepanda, uwe unavuka kwenda Mageta au Mfangano, uwe uko Dunga kwa raha zako, usione aibu kuwa msumbufu. Angalia chini ya maji yanakoishia, tafuta vipele. Angalia kona, tafuta utando wa buibui. Gonga nyuma kwa fundo za vidole. Uliza, "Kiraka hiki kina fiba mikeka mingapi?" Mwenye boti mzuri atafurahi, atakuonyesha hata picha za kazi. Mwenye pati atakasirika, atakuambia unachelewesha watu. Huyo muache aende. Afadhali uitwe mwoga ukiwa umesimama kwenye mchanga.

Tunaambiwa tangu utotoni usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli tupu. Ila kuziba siyo kuficha, na majini hakuna nafasi ya kujenga ukuta. Mwenye boti, pandisha boti yako, ikaushe, ikate mpaka kwenye uzima, ishone. Ikibaki na kovu, tutakaa juu ya hilo kovu na tutafika.